Ndama waliolaza kichwa upande: uchambuzi wa kisa cha maambukizi ya sikio la ndani

Mazingira

Shamba liko nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania. Lina ng'ombe wa maziwa wasiozidi thelathini, wengi wao chotara wa Friziani, wanaolishwa bandani mwaka mzima. Ndama hutenganishwa na mama baada ya kupata dang'a, kisha hukaa pamoja kwenye vyumba vya mbao vilivyotandikwa nyasi kavu na kunywa maziwa kwa ndoo asubuhi na jioni. Jina la mwenye shamba, la kijiji na alama zozote za kuwatambua wahusika vimeondolewa.

Kuna jambo moja la uchumi ambalo bila kulijua kisa hiki hakieleweki. Maziwa mazuri yote yalikuwa yanakwenda kwa mnunuzi. Maziwa ya ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele, pamoja na ya wale walio kwenye dawa, hayauziki, na hayakuwa yanamwagwa: yaliingia ndoo ya ndama. Utaratibu huu upo mashamba mengi na hauna ujinga ndani yake. Ndama anakunywa lita kadhaa kila siku, na maziwa yaliyokataliwa na mnunuzi ni chakula cha bure. Miezi mingi ilipita bila dalili yoyote ya kudhuru.

Kilichotokea

Aliyetangulia alikuwa ndama jike wa wiki tatu hivi. Alianza kutikisa kichwa mara kwa mara na kujikuna sikio la kushoto kwa ukwato wa nyuma. Siku mbili baadaye sikio hilo lilikuwa limelegea na kuning'inia.

Mtunzaji alitafuta kupe. Ndiko mahali pa kuanzia kwa mfugaji yeyote wa kanda hii, kwa kuwa kupe wa masikio, *Rhipicephalus appendiculatus*, ndiye anayeleta ndigana kali, na hupenda kujibanza ndani ya sikio. Hakuona kupe hata mmoja. Hata hivyo alipaka dawa ya kuogeshea mifugo ndani ya sikio, akachukua na pen-strep (mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini) kutoka duka la dawa za mifugo la jirani na kumdunga ndama siku tatu mfululizo. Homa ilishuka kidogo, ikarudi.

Kisha kichwa kikaanza kulala upande. Sikio la kushoto lilikuwa chini na la kulia juu, na ndama alikuwa akitembea kwa kuegemea kushoto, akizunguka duara dogo kuelekea upande huohuo na kuanguka kila alipogeuka haraka. Ndama wa pili alianza na sikio la kulia. Wa tatu, dume, alifuata ndani ya wiki hiyo. Mzee mmoja wa Kimaasai, jirani wa shamba, alimtazama akizunguka akasema ni ormilo, jina la Kimaasai la ugonjwa wa kuzunguka. Kauli hiyo ilistahili kupimwa kwa makini. Huko kaskazini kuna ng'ombe wanaozunguka kwa sababu ya theileria, vijidudu vya ndigana, inayoziba mishipa midogo ya damu ya ubongo, na kuna mbuzi na kondoo wanaozunguka kwa sababu ya malengelenge ya tegu wa mbwa, *Taenia multiceps*, yaliyokaa ubongoni.

Tulipoitwa sisi matabibu wa mifugo, ndama watatu walikuwa wamelaza kichwa na wa nne alikuwa ameanza kukitikisa.

Tulichokikuta

Swali la kwanza halikuwa jina la ugonjwa. Lilikuwa mahali: je, tatizo liko ndani ya ubongo, au liko nje yake, kwenye mfupa unaobeba sikio?

Ndama wa kwanza alikuwa macho kabisa. Aliitika ndoo ilipogongwa, akaja akiyumba, akanyonya kidole kwa nguvu. Tulimkunja ukwato wa mbele ili sehemu ya juu ya kwato iguse sakafu, aliurudisha palepale. Tulifanya hivyo kwa miguu yote minne, na yote ilijibu. Mnyama aliyeharibika shina la ubongo huwa mzito wa akili, huchelewa au hushindwa kabisa kuurudisha mguu, na mara nyingi huonyesha udhaifu wa miguu ya upande mmoja. Huyu hakuwa na lolote kati ya hayo.

Macho yalikuwa yakichezacheza kwa ulalo: yanateleza polepole kuelekea kushoto, kisha yanaruka kurudi kulia. Kope ya juu ya kushoto ilikuwa imeshuka. Tulipoigusa konea ya jicho hilo kwa uzi wa pamba, kope hazikufumba, lakini mboni ilirudi ndani na kope ya tatu ikapita mbele yake. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinasema mengi. Maana yake ndama alihisi mguso, kwa hiyo neva ya tano ni nzima. Misuli inayorudisha jicho ndani inafanya kazi. Kilichokufa ni amri ya kufumba kope, ambayo hubebwa na neva ya saba, yaani neva ya uso. Sikio lililoning'inia ni kazi ya neva hiyohiyo. Maziwa yaliyokuwa yakidondoka pembe ya kushoto ya mdomo nayo yalitoka hukohuko.

Basi neva ya saba na neva ya nane, ile ya kusikia na ya mizani, upande mmoja, kwa wakati mmoja, katika mnyama mwenye akili timamu na miguu inayojibu. Neva hizo mbili huingia pamoja kwenye mfupa mmoja, mfupa wa petrosi, unaobeba sikio la ndani. Ukiondoa ubongo kwenye hesabu, hakuna mahali pengine zinapokutana.

Tundu la sikio lilikuwa safi, bila usaha na bila harufu. Tezi za chini ya sikio hazikuwa zimevimba kama inavyotarajiwa kwenye ndigana kali. Ndama wawili kati ya wanne walikuwa wakikohoa.

Tegu wa ubongo tulimwondoa kwa sababu ya umri: lengelenge huchukua wiki nyingi kukua kufikia kiasi cha kuukandamiza ubongo, na ndama hawa walikuwa na wiki tatu hadi tano. Listeriosisi hushambulia shina la ubongo, na kwa kawaida huwapata wanyama wakubwa zaidi wanaokula sileji iliyoharibika. Ormilo ya ng'ombe nayo ingetupa mnyama aliyepumbaa, na isingechagua neva mbili za upande mmoja huku ikiacha miguu ikiwa mizima.

Maamuzi na sababu zake

Pen-strep ilisimamishwa. Maambukizi ya sikio la kati kwa ndama wengi kwa pamoja, yakiambatana na kikohozi na maziwa ya kiwele kibovu, yanaelekeza kidole kwa *Mycoplasma bovis*. Bakteria huyu hana ukuta wa seli, na penisilini huua kwa kuuvuruga ukuta huo. Hata dozi ikiongezwa mara kumi, hakuna cha kuvurugwa.

Tulichagua oksitetrasaiklini ya muda mrefu, miligramu 20 kwa kilo, ikirudiwa kila baada ya siku 3, pamoja na meloksikamu ya kupunguza uvimbe na maumivu. Ndama wa tatu alikuwa amekaukiwa maji, hivyo alipewa maji ya chumvi kwanza, maana tetrasaiklini huweza kuumiza figo za mnyama aliyekaukiwa. Dawa za kundi la enrofloksasini zilizungumzwa na kuwekwa kando. Ni dawa ambazo hospitali za binadamu zinazitegemea, na hapakuwa na sababu ya kuanza nazo.

Kutoboa kiwambo cha sikio ili usaha utoke kulijadiliwa pia. Hatukufanya. Bula ya timpani ya ng'ombe, lile tundu la mfupa lililo chini ya sikio la kati, si chumba kimoja kama ya mbuzi au ya mbwa. Imegawanywa na kuta nyembamba kuwa vijumba vingi. Kutoboa mbele hakukupi njia ya kusafisha nyuma.

Macho yaliyokosa kufumba yalipakwa marhamu mara kadhaa kwa siku. Konea isiyofunikwa hukauka na kupata kidonda, na ni aibu kuokoa sikio ukapoteza jicho. Wagonjwa walihamishiwa chumba chenye sakafu isiyoteleza, na taa iliachwa ikiwaka usiku. Sababu ya taa nitaieleza mbele.

Maziwa ya kiwele yaliondolewa kwenye ndoo siku hiyohiyo, kabla ya jibu lolote la maabara.

Matokeo

Ndama wa nne, aliyekuwa bado anatikisa kichwa tu, alipona bila alama. Wa pili alibaki na sikio lililolegea kidogo. Wa kwanza homa ilimwisha, akaanza kula vizuri, macho yakatulia, lakini kichwa kiliendelea kulala kushoto.

Wa tatu alikufa. Alianza kwa kukaza shingo, akafuata degedege, na kwa ruhusa ya mwenye shamba tulipasua kichwa chake kwa msumeno wa mfupa. Kiwambo cha sikio la kulia kilikuwa kizima kabisa, chekundu, kimevimba kuelekea nje. Nyuma yake kila kijumba cha bula kilikuwa kimejaa usaha mzito wa rangi ya njano iliyofifia, mkavu kiasi cha kuchokolewa kwa ncha ya kisu ukatoka kipande kizima. Usaha ulikuwa umeingia ndani ya petrosi. Kwenye tundu la ndani, pale neva ya saba na ya nane zinapotokea kuelekea ubongoni, utando wa ubongo ulikuwa na ukungu mweupe.

Maabara ya kwanza ilitoa *Pasteurella multocida*, ikionyesha kuwa penisilini inaiua. Sampuli nyingine ya usaha uleule, iliyopimwa kwingine kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kijidudu, ilitoa *Mycoplasma bovis*. Ng'ombe mmoja mwenye kiwele kilichogoma kupona alikutwa na bakteria huyohuyo kwenye maziwa.

Uchambuzi

*Dalili zilifuata barabara ya mfupa*

Kilichofanya kisa hiki kisomeke ni mpangilio wa dalili. Kutikisa kichwa kwanza, sikio kulegea pili, kichwa kulala tatu, na kwa mmoja, shingo kukaza. Mpangilio huo ndio ramani ya safari ya vijidudu.

Maziwa hupita kooni. Kooni kuna mdomo wa mrija wa Yustakio, unaoelekea sikio la kati. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha jambo hili kwa jaribio: ndama walionyweshwa *Mycoplasma bovis* ndani ya maziwa walipata vijidudu hivyo kwenye tonsili, na baadhi yao wakapata maambukizi ya sikio la kati. Kwa hiyo njia ni ya kutoka ndani, na ndiyo maana tundu la nje lilikuwa safi na dawa ya kupe haikugusa kitu. Kiwambo kizima tulichokikuta kwa ndama wa tatu ni ushahidi wa kutosha kuwa hakuna kilichopita mlangoni.

Sikio la kati likijaa, mnyama hutikisa kichwa. Neva ya uso hupita kwenye mfereji wake ukutani mwa sikio la kati, na mahali fulani ukuta huo ni mwembamba mno. Uvimbe ukifika hapo, sikio na kope hulegea. Bado mizani ya mwili ni nzima. Ili vijidudu viingie sikio la ndani lazima vivuke madirisha mawili madogo, moja limezibwa na nyayo ya kifupa cha mwisho cha sikio, jingine na utando. Vikivuka, majimaji yaliyo kwenye koklea, sehemu ya kusikia, na kwenye mifereji mitatu ya nusuduara, sehemu ya mizani, yanachafuka, na kichwa kinalala. Kutoka hapo mlango wa ubongo ni tundu lilelile la neva.

Ukuaji wa kiinitete unaeleza kwa nini barabara imejengwa hivi. Sikio la kati na mrija wa Yustakio ni tawi la koo: vyote vinatoka kwenye mfuko wa kwanza wa koromeo la kiinitete. Sikio la ndani lina asili nyingine kabisa. Linaanza kama unene mdogo wa ngozi ya kiinitete kando ya ubongo wa nyuma, unabonyea, unajifunga na kuwa kifuko, na kifuko hicho ndicho kinachochipua mifereji ya nusuduara upande mmoja na koklea upande mwingine.   Baadaye vyumba hivi viwili vyenye asili tofauti vinawekwa ubavu kwa ubavu, kimoja kikiwa wazi kwa kila kinachomezwa, kingine kikipakana na ubongo. Ndama anayekunywa maziwa machafu anaufikisha uchafu hatua mbili tu kutoka utando wa ubongo.

*Kichwa kilichobaki kimelala hakikuwa dawa iliyoshindwa*

Hapa ndipo mjadala ulipokuwa mkali zaidi. Baada ya homa ya ndama wa kwanza kuisha, mwenye shamba alitaka dawa ibadilishwe, kwani kichwa kilikuwa bado kimelala. Mwenzetu mmoja naye aliona afadhali kuongeza dawa nyingine. Tulikataa, na sababu iko kwenye ukuaji wa sikio lenyewe.

Mwaka 2017 Loïc Costeur wa Jumba la Historia ya Asili la Basel, Uswisi, na wenzake walichapisha picha za CT za vijusi vitano vya ng'ombe vya umri mbalimbali. Mfupa wa petrosi na labirinti iliyo ndani yake, yaani vyumba na mifereji ya sikio la ndani, hugeuka kuwa mfupa kwa muda mfupi katika mwezi wa nne. Mwezi wa sita labirinti imekamilika, na tangu hapo ukubwa wake haubadiliki, ingawa mimba ya ng'ombe huendelea hadi miezi tisa na ushei. Fuvu litakua, taya itarefuka, pembe zitaota, lakini mifereji ya nusuduara ya ng'ombe mzima ni ileile aliyokuwa nayo tumboni. Kwa mnyama ambaye lazima asimame na kumfuata mama yake muda mfupi baada ya kuzaliwa, chombo cha mizani hakiwezi kusubiri. (Uthabiti huohuo ndio unaowafanya wataalamu wa visukuku kuuthamini sana mfupa huu, umbo la labirinti limetumika kufuatilia ukoo wa wanyama wanaocheua kwa miaka milioni 35 iliyopita.)

Kwa tabibu maana yake ni hii: ndama wa wiki tatu ni mchanga kwa mengi, lakini sikio lake la ndani ni la ng'ombe mzima. Halina ukuaji uliobaki wa kufidia kilichoharibika, na seli za vinywele zinazohisi sauti na mwendo, zikifa, mamalia hawezi kuziotesha upya kwa kiwango cha kumsaidia. Kinachojirekebisha ni ubongo. Huanza kutegemea macho na hisia za miguu badala ya sikio lililonyamaza, na hufanya hivyo haraka zaidi mnyama akiwa anatembea na anaona. Ndiyo sababu ya taa na sakafu isiyoteleza. Ndama wa kwanza aliyumba zaidi kila mara umeme ulipokatika.

Kwa hiyo tulipima maendeleo kwa homa, ulaji na kutikisa kichwa, vitu vinavyoonyesha kama maambukizi yanaendelea. Mlalo wa kichwa uliachwa nje ya hesabu. Dawa ilipofika mwisho wake ilisimamishwa, na ndama wa kwanza akaendelea kukua akiwa na kichwa kilekile kilicholala. Siku hizi ni mtamba. Anakula sawa na wenzake, ila hapelekwi kwenye mteremko wala kutolewa nje gizani.

*Jibu la maabara lilikuwa kweli, lakini pungufu*

Jibu la *Pasteurella* nusura liturudishe kwenye penisilini, kwa sababu lilikuja limeandikwa, lina muhuri na jedwali la dawa. Lakini mikoplasma haioti kwenye sahani za kawaida. Inahitaji chakula maalumu na siku nyingi. Maabara isiyotumia chakula hicho haiwezi kumwona, na ikinyamaza juu yake haijasema hayupo. *Pasteurella* huyo huenda alikuwepo kweli kama mgeni wa pili, na oksitetrasaiklini mara nyingi humgusa pia. Kusubiri PCR bila kubadili dawa lilikuwa chaguo la hatari ndogo.

*Yaliyoshindikana*

Siku zilizopotea kwenye pen-strep zilimgharimu ndama wa kwanza mizani yake. Tofauti kati yake na ndama wa nne haikuwa dawa waliyoishia nayo, ilikuwa hatua ya barabara ambayo vijidudu vilikuwa vimefikia dawa ilipoanza. Mtunzaji sasa anajua kuwa ndama anayetikisa kichwa, mwenye tundu safi lisilo na kupe, ni mgonjwa wa siku hiyohiyo.

Ndama wa tatu pengine alikuwa ameshavuka dirisha tulipofika. Kukauka kwake kulichelewesha dawa kwa saa chache, na sidhani saa hizo zilibadilisha chochote.

Suala la maziwa lilikuwa gumu kuliko matibabu. Ushauri wa kwanza ulikuwa kupasha moto maziwa yote ya ndama kwa nyuzi 63 kwa dakika 30, na ulifuatwa vizuri kwa muda. Mvua zilipoanza kuni zikalowa, kipimajoto kikavunjika, na maziwa yakarudi kwenye ndoo yakiwa vuguvugu. Utaratibu uliodumu ni mwepesi zaidi: ng'ombe mwenye mikoplasma ameuzwa kwa nyama baada ya muda wa dawa kuisha mwilini, maziwa ya kiwele humwagwa, na ndama hupewa maziwa ya ng'ombe wazima hata kama yangeuzika. Kinachopashwa moto ni dang'a tu, kwa nyuzi 60 kwa saa nzima, kwa sababu ikizidi hapo huganda na kinga iliyomo huharibika.